Kiwanda cha Ruaraka na Milango ya Baa

Abiria wanaoshukia Allsopps kila jioni katika barabara ya Thika hulitaja jina la kiwanda cha bia, ingawa wengi wao hawana habari hiyo. Kampuni ya Allsopp, yenye asili yake katika mji wa Burton nchini Uingereza, ilijenga mtambo wake Nairobi wakati ukoloni ulipokuwa ukielekea ukingoni, ikapimana nguvu na kiwanda kikongwe cha Ruaraka kilichokuwa jirani yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikamezwa nacho. Kilichobaki ni jina la steji ambalo makanga hulipaza bila kujua kwamba wanaitangaza kampuni iliyoshindwa. Kiwanda kilichoimeza kingali pale pale, na kwa mtu kama mimi, aliyeishi upande huo wa jiji kwa muda mrefu, harufu ya kimea kinachochemshwa ni jambo la kawaida kama moshi wa matatu.

Historia ya kiwanda hicho imesimuliwa mara nyingi na wenyewe, hasa wanapoadhimisha miaka yao. Inayonishughulisha mimi ni historia ya mahali bia yao ilikonywewa. Kule Uingereza, ambako waanzilishi wake walitoka, kampuni za bia zilizoea kumiliki nyumba za pombe zenyewe, kiasi kwamba mwaka 1989 serikali ililazimika kuziwekea mpaka zile zilizomiliki zaidi ya baa 2,000. Desturi hiyo haikuota mizizi kwetu. Ruaraka ilipika bia, watu wengine wakafungua baa, na katikati yao akasimama ofisa wa serikali aliyeshika leseni mkononi. Kwa maoni yangu, ofisa huyo ndiye aliyeziumba baa za Kenya kuliko mpika bia yeyote.

Kampuni yenye kiwanda hicho cha Ruaraka, Kenya Breweries, ilisajiliwa Desemba 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, pamoja na mwenzao H. A. Dowding. Mitambo yao ilitoka Uingereza. Bia ya kwanza, masanduku 10 tu, ilipelekwa katika hoteli ya Stanley katikati ya Nairobi kabla mwaka huo haujaisha. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu alipokuwa mawindoni, na inasimuliwa kwamba ndiyo sababu bia yao mashuhuri ikapewa jina la Tusker, ndovu akachorwa kwenye lebo yake, naye yupo hapo hadi leo. Sijui kiwanda kingine cha bia kinachomtangaza mnyama aliyemuua mwasisi wake.

Hayo masanduku 10 yanastahili kutazamwa vizuri. Yalipokelewa na hoteli ya walowezi, ambamo Mwafrika aliingia akiwa amevaa kanzu nyeupe na kubeba sinia. Kwa mujibu wa sheria za wakati huo, vileo vya Kizungu havikuruhusiwa kwa Waafrika, kwa hiyo kijakazi na boi wangeweza kuifungua chupa, kuimimina, na kuosha bilauri yake, ila wasithubutu kuitia mdomoni. Kiwanda kilianza maisha yake katika nchi ambayo idadi kubwa ya wakazi wake walikatazwa kuwa wateja wake.

Hata hivyo wakoloni hawakukusudia Waafrika wa mjini wakae bila pombe. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1920, mtaa wa Pumwani ulipokuwa ukianzishwa, baraza la mji wa Nairobi liliiga mpango uliobuniwa Durban, Afrika Kusini: likapiga marufuku upikaji wa pombe majumbani, likajipa lenyewe haki ya pekee ya kupika na kuuza pombe ya Kiafrika, na kujenga ukumbi wa kunywea. Faida iliwekwa katika mfuko wa kugharimia huduma za Waafrika wa mji huo. Ukiufikiria mpango huu kwa dakika moja utaona ujanja wake, kwa kuwa mfanyakazi aliyelipwa mshahara mdogo ndiye aliyejilipia huduma za mtaa wake mwenyewe, kikombe kwa kikombe, na aliyekunywa zaidi alichangia zaidi. Mji mmoja ukawa na milango miwili, wa Stanley na wa Pumwani, na rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua uingie upi.

Palikuwepo na mlango wa tatu ambao haukuandikwa popote, nao ulishikwa na wanawake. Busaa haihitaji mtambo kutoka Uingereza. Unga wa mahindi huloanishwa na kuachwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati pana lililowekwa motoni, huku ukigeuzwa kwa koleo mpaka uwe chengachenga za rangi ya kahawia; hapo huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, huachwa uive tena, na mwisho huchujwa kwa kitambaa. Kazi hiyo ina moshi na harufu inayosafiri, kwa hivyo kuifanya kwa siri katika chumba kimoja cha Pumwani au Pangani kulihitaji akili ya kipekee. Kibra nako, Wanubi waliotokana na askari wa Sudan walijulikana kwa pombe kali waliyoikeneka wenyewe. Wapikaji hao walikamatwa, wakatozwa faini, wakarudi nyumbani na kuinjika tena. Kwa wengi wao biashara hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto, na historia za kampuni hazina nafasi kwao, jambo ambalo huniudhi kila ninaposoma vitabu vyenye picha maridadi vya maadhimisho.

Katika miaka ya 1930 kiwanda cha Ruaraka kilipanuka, kikauza hisa kwa umma, kikakichukua kiwanda cha Dar es Salaam, na kubadili jina kuwa East African Breweries. Baadaye kilijipenyeza Uganda pia, hadi Port Bell kando ya Ziwa Victoria. Tanzania ilijiondoa katika mtandao huo baada ya Azimio la Arusha, na hadithi ya bia yake ikashika njia nyingine inayostahili makala yake yenyewe.

Baada ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia ndipo mlango ulipofunguliwa kidogo. Askari Waafrika walikuwa wamerudi kutoka Burma na kwingineko, na ilikuwa vigumu kumweleza mtu aliyepigana kwa ajili ya Mfalme kwamba hastahili chupa ya bia. Waafrika wakaruhusiwa kununua bia ya chupa. Pombe kali ilisubiri hadi miaka ya 1950. Kiwanda kikapata wateja wapya kwa maelfu, lakini bia hiyo ilikuwa ingali ya Mzungu, na wapiganaji wa Mau Mau hawakusahau hilo. Wakati wa Hali ya Hatari waliamuru watu wa Nairobi wasusie mabasi, sigara na bia ya Kizungu. Aliyeonekana na chupa alijiweka hatarini. Nadhani tukio hilo linaonyesha, kuliko takwimu zozote za mauzo, jinsi bia ya Ruaraka ilivyosomeka wakati huo: lilikuwa suala la uko upande wa nani.

Ndani ya miaka kumi na mitano hivi mambo yalipinduka. Mwaka 1968 Kenneth Matiba, aliyekuwa katibu wa kudumu serikalini tangu akiwa kijana, aliingia katika kampuni na baadaye akawa mkuu wake, hadi alipojitosa kwenye siasa mwaka 1979. Chini yake bia ilisambazwa hadi vituo vidogo vya biashara ambavyo havikuwa hata na umeme. Usambazaji wenyewe ukawa mali: aliyepata uwakala wa bia katika wilaya alihesabiwa miongoni mwa matajiri wake, na aliyepata leseni ya baa alifuata nyuma yake. Chifu, diwani na mkuu wa wilaya walikaa katika vikao vya kutoa leseni, na haihitaji elimu kubwa kukisia kwa nini baa nyingi za wakati huo zilimilikiwa na jamaa zao.

Mjomba wangu mmoja alikuwa na baa ya aina hiyo katika kituo cha biashara kilichokuwa na maduka machache, posho mili moja na kanisa. Jumamosi asubuhi sisi watoto tulitumwa nyuma ya nyumba kupanga chupa tupu ndani ya kreti, kwa kuwa lori la wakala halikushusha kreti iliyojaa bila kupakia iliyo tupu, na chupa moja iliyovunjika ilikuwa hasara iliyozungumziwa hadi chakula cha jioni. Mbele palikuwa na ukumbi wenye meza za mbao na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Kaunta ilizungushiwa wavu mzito wa chuma kutoka juu hadi chini, na bia ilitolewa kupitia kijidirisha kilichotosha chupa na mkono. Mgeni angedhani ni gereza. Wenyeji walijua kwamba bila wavu ule, mwenye baa asingefika na mauzo yake hadi saa ya kufunga.

Mhudumu alifunga kifungulio kwa kamba kiunoni. Alipokaribia meza alikuwa na swali moja tu: baridi au moto? Bia ya moto, yaani ile ambayo haijawekwa kwenye friji, ilikuwa na wapenzi wake waaminifu, hasa wazee na watu wa nyanda za juu, na walikuwepo walioamini kwamba bia baridi huleta homa. Chupa zilizoisha hazikuondolewa mezani. Ziliachwa zikajipanga mbele ya mnywaji, kwanza ili hesabu isigombaniwe, na pili, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema, ili watu wa meza nyingine waone. Kando ya baa palikuwa na bucha ya Mjomba mwenyewe: unachagua paja au mbavu, nyama inapimwa, inapelekwa kwenye makaa, nawe unarudi kungoja ukiwa na chupa. Muungano huo wa baa na bucha ni uvumbuzi wetu, na sioni kiwanda kinaweza kujipa sifa zake.

Lakini chupa mbili katika baa ile zilimgharimu kibarua wa shambani mshahara wa siku. Yeye alienda kwenye kilabu cha busaa kilichokuwa upande wa pili wa mto, au, kwa mama pima, aliyeuza chang'aa kwa glasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vilabu vya busaa vilianza kufungwa kwa amri za serikali, na mwaka 1980 Bunge likapitisha sheria ya kuharamisha chang'aa kabisa. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuokoa familia na nguvu kazi ya taifa. Matokeo yalikuwa kwamba busaa, pombe nyepesi, kubwa kwa ujazo na ngumu kuficha, ilirudi nyuma, na chang'aa, kali na rahisi kubeba ndani ya chupa ya soda, ikashika nafasi yake. Chifu na askari polisi wakapata chanzo kipya cha mapato kila Ijumaa.

Vita vya bia ya chupa vilivyofuata vilichukua kurasa nyingi za magazeti kuliko vilivyostahili. Kampuni ya South African Breweries ilijenga kiwanda Thika mwaka 1998 ili kuuza bia yake ya Castle, Ruaraka ikajibu kwa uzalendo, "Bia Yangu, Nchi Yangu," huku nayo ikiendesha kiwanda chake cha Kibo kule Moshi, Tanzania, na mwaka 2002 mahasimu hao wawili wakakubaliana: Thika ikafungwa, Moshi ikafungwa, wakabadilishana hisa. Uzalendo uliishia kwenye meza ya mkataba. Walevi walipiga domo kwa miezi, kisha wakaendelea na walichokuwa wakinywa.

Jambo zito lilikuwa limetokea kwingine. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 130 walikufa Nairobi, wengi wao katika vitongoji vya Mukuru, baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, kemikali yenye sumu. Iliitwa kumi kumi kwa sababu glasi iliuzwa shilingi 10. Wengine waliponea kifo wakapoteza macho. Hapo serikali na kiwanda vilijikuta vikitafuta jibu moja, kila kimoja kwa sababu zake: serikali ilitaka pombe salama yenye bei ya maskini, na kiwanda kilikuwa kimegundua kwamba sehemu kubwa ya pombe inayonywewa nchini haikuwahi kupita mikononi mwake.

Jibu hilo lilikuwa Senator, bia ya kegi iliyoingia sokoni mwaka 2004 baada ya serikali kukubali kuipunguzia ushuru. Ilitumia nafaka za hapa nchini, na haikufungwa kwenye chupa. Mtungi wa chuma ulifungiwa bomba, nayo ikamiminwa kwenye magi kwa bei iliyokaribiana na ya glasi ya chang'aa. Umaarufu wake ulipanda kiasi kwamba Barack Obama, ambaye wakati huo alikuwa seneta wa Illinois, alipozuru Kenya mwaka 2006, jina lake likahamia kwenye kikombe, na hadi leo wako wanaoagiza Obama. Kwa hoja yangu, uzito wa Senator uko kwenye mlango. Kwa mara ya kwanza kiwanda kilishuka hadi chini kabisa na kushiriki kuijenga nyumba ya pombe yenyewe: kilitoa mashine za kumiminia, kilifundisha wauzaji usafi, kilipaka kuta rangi. Baadhi ya akina mama pima, walioishi miaka mingi wakimkimbia chifu, walijikuta wamebandika leseni ukutani.

Mtama nao ukapata soko. Wakulima wa Kitui, Makueni na Tharaka, ambako mvua haitabiriki na mahindi hunyauka, walianza kupanda aina iitwayo Gadam kwa mikataba ya kuiuzia Ruaraka. Mkulima wa Ukambani sasa aliufuatilia uamuzi wa Hazina kuhusu ushuru wa bia kwa makini yale yale anayoyatazama mawingu ya Novemba.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 2013 serikali, ikitafuta mapato, iliitoza kegi ushuru wa asilimia 50. Bei ikaruka, mauzo yakaporomoka, mikataba ya mtama ikakatwa, na baa nyingi za kegi zikafunga. Mei 2014 zaidi ya watu 60 walikufa kwa pombe yenye sumu katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na nyinginezo. Sitadai kwamba ushuru ule peke yake ndio uliowaua, kwa sababu pombe ya sumu ilikuwepo kabla yake na imekuwepo baada yake. Februari 2024 iliua tena kule Kirinyaga. Hata hivyo serikali yenyewe ilisoma somo hilo kiasi cha kurejesha msamaha wa ushuru kwa asilimia 90 mwaka 2015. Mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi, kilifunguliwa upya kwa uwekezaji wa shilingi bilioni 15 ili kupika Senator kwa ajili ya magharibi ya nchi, nchi ya busaa.

Katikati ya hayo yote ikaja sheria ya mwaka 2010, ambayo kila mnywaji huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeiwasilisha. Iliifuta marufuku ya chang'aa ya 1980 kwa sharti kwamba ipikwe na kufungwa kwenye chupa kwa viwango vinavyokubalika, sharti ambalo mama pima hakuwa na njia ya kulitimiza. Kwa upande wa baa, iliweka saa: siku za kazi mlango ufunguliwe saa kumi na moja jioni na ufungwe saa tano usiku, na wikendi ufunguliwe saa nane mchana. Palikuwa na baa za Nairobi zilizojivunia kwamba mlango wao haujawahi kufungwa usiku wala mchana. Zikajifunza kufunga, au zikajifunza kumfahamu mkuu wa kituo cha polisi.

Korona ilizifunga zote. Kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Septemba mwaka huo hapakuwa na baa halali nchini Kenya, na Julai hata hoteli za chakula zilikatazwa kuuza pombe, kwa kuwa baa zilikuwa zimejigeuza vibanda vya ugali kwa haraka iliyoshangaza. Mitungi ya kegi iliharibika stoo. Chupa zilihamia kwenye pikipiki. Mtu aliagiza kwa simu, mwendesha bodaboda akagonga geti, na watu wa tabaka la kati wakagundua kwamba wanaweza kuchapa mtindi sebuleni mwao kwa bei ya dukani. Wengi hawajarudi baa. Mpwa wangu, aliyefikisha umri wa kunywa kipindi hicho, hajui desturi ya kuziacha chupa zijipange mezani, na nilipomweleza aliniuliza kwa nini mtu angetaka wageni wahesabu anachokunywa.

Julai 2025 serikali ilizindua sera ya taifa kuhusu vileo na dawa za kulevya. Inapendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe mtandaoni, isipelekwe nyumbani wala kupatikana katika supamaketi. Kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba wizara ililazimika kueleza kuwa sera si sheria, na kwamba hakuna kilichobadilika bado. Wenye baa walinyamaza zaidi ya nilivyotarajia, nami nadhani najua sababu: ukizuia bodaboda na supamaketi, mnywaji mwenye kiu ya chupa ya Ruaraka anabaki na mlango mmoja tu wa kuiendea.